Kabla hujabishana NBA kijiweni, taja kipimo chako

Ikifika mwishoni mwa mwezi wa kwanza, huku Kigoma mwisho wa reli ubishi wa kikapu unapamba moto kuliko kikapu chenyewe. Dedilaini ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ya kubadilishana wachezaji inakuwa mwanzoni mwa mwezi wa pili, kwa hiyo jioni pale Mwanga mazoezi yakiisha watu hawaondoki, wanakaa pembeni ya uwanja kila mtu na simu yake, huyu anasema Giannis anatoka Milwaukee, yule anasema hapana anayetoka ni Zion, wa tatu kaona sehemu Lakers wanawachukua wote wawili, na kufumba na kufumbua mada imeshahama, saivi ni LeBron na Jordan nani zaidi, sauti ziko juu mpaka mama ntilie wa ng'ambo ya barabara anauliza jamani kuna ugomvi?

Mimi huu ubishi naupenda sana. Nimekulia humo, na naamini kabisa kijana anayejua kubishana kikapu vizuri anajifunza kufikiri. Lakini nimeona pia marafiki wananuniana, nimeona mtu anatukanwa kwenye grupu la WhatsApp mpaka anajitoa, na ukifuatilia vizuri karibu kila mara chanzo ni kimoja: watu wanataja jina kabla hawajataja kipimo. Mmoja anapima kwa pete za ubingwa, mwenzake anapima kwa pointi, mwingine anapima kwa hailaiti alizoziona jana usiku. Hapo hata mkikesha hamfiki popote maana kila mtu yuko kwenye mechi yake. Na kwenye tetesi ni hivyo hivyo, mtu anakwambia fulani anaenda timu fulani ukimuuliza umejuaje anakuonesha posti. Posti ya nani? Hajui.

Nianze na tetesi maana hapo ndo vijana wengi wanapotea.

Wengi wetu tumeingia kwenye kikapu tukitokea kwenye mpira wa miguu, tuna akili ya usajili wa Simba na Yanga. Kule klabu ikiwa na hela inaweka mezani, mchezaji anakubali, kesho anatambulishwa na jezi mkononi. Kwa hiyo dogo anakuja na imani hiyo hiyo anauliza kwa nini Lakers wasimnunue Jokić, si wana hela? NBA haiendi hivyo. Kule mchezaji mwenye mkataba hanunuliwi, anabadilishwa na wachezaji wengine au na haki za kuchagua chipukizi kwenye drafti za mbele. Na timu ikishavuka ukomo wa mishahara, ambapo timu nyingi ndo ziko, mishahara inayotoka na inayoingia lazima ikaribiane. Fikiria mizani ya dagaa pale Kibirizi, huwezi kuweka kisado upande huu ukategemea gunia upande wa pili. Ndo maana unaona jina la mchezaji wa kawaida kabisa ambaye hata hachezi limeingizwa kwenye dili la nyota, yule kaingia kwa sababu ya mshahara wake.

Alafu tangu makubaliano mapya ya 2023 kati ya ligi na wachezaji mambo yamekaza zaidi. Kuna mstari wa pili wa juu wa matumizi, timu ikiuvuka hairuhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili impate mmoja mkubwa. Kwa hiyo yale madili ambayo watu wanayachora kwenye mchanga kwa kidole, wanatoa wawili wanaleta mmoja, mara nyingi hayawezekani kisheria hata kama timu zote mbili zinataka. Na kuna wachezaji wachache sana ambao mkataba wao una kipengele cha kukataa kuhamishwa. Bradley Beal alikuwa nacho alipokuwa Phoenix, na msimu wa 2024/25 tetesi zilipovuma kwamba Jimmy Butler anaenda Phoenix, hicho kipengele kilikuwa ukuta. Butler akaishia Golden State.

Ushauri wangu hapa ni mwepesi. Ukisikia tetesi, kabla hujashangilia wala hujatoa povu, uliza huyo mchezaji analipwa shilingi ngapi na mkataba unaisha lini. Mishahara ya NBA iko wazi, ipo mtandaoni, inachukua dakika mbili kuangalia. Nimewahi kuona ubishi wa saa nzima unakufa kwa swali hilo moja tu, dogo mmoja wa kidato cha tatu aliuliza "sasa kaka hao wengine wanatoa mishahara gani iendane na ya huyo?" watu wakaanza kutafuta kwenye simu, wakakuta haiingii, wakahamia mada nyingine bila kinyongo. Yule dogo namheshimu mpaka leo.

Swali la pili ni nani kaivujisha na anapata nini. Tetesi haidondoki tu kutoka mbinguni. Wakala wa mchezaji anataka timu zishindane ili mteja wake apate mkataba mnono, timu inataka kuonesha mashabiki kwamba inahangaika, timu nyingine inataka kuharibu dili la mpinzani, na mchezaji mwenyewe anaweza kutaka kumshinikiza bosi wake. Waandishi wakubwa kama Shams Charania wanaishi kwa kupigiwa simu na watu hao. Sisemi wanadanganya, mara nyingi wanachoandika ni kweli kimesemwa, ila kusemwa na kutokea ni vitu viwili. Soma maneno. "Timu imeonesha nia" maana yake mtu kapiga simu. "Mazungumzo yameanza" maana yake simu imepokelewa. Mpaka uone wametajwa nani wanatoka, nani wanaingia na drafti ya mwaka gani, bado.

Mfano ninaoupenda ni wa Damian Lillard. Mwezi wa saba 2023 aliomba kuondoka Portland na ikajulikana dunia nzima kwamba anataka Miami na Miami tu. Majira yote yale ya kiangazi watu walikuwa wanapanga kikosi cha Miami, wengine walishaanza kumchora na jezi yao. Mwezi wa tisa akaenda Milwaukee. Au Kevin Durant, mwishoni mwa mwezi wa sita 2022 aliomba kuondoka Brooklyn, ikatajwa kila timu unayoijua, ligi ikaanza bado yuko pale pale, akaja kuondoka mwezi wa pili 2023 kwenda Phoenix wakati joto limeshapoa. Na wakubwa zangu watakumbuka 2007, Kobe Bryant aliomba kuondoka Lakers waziwazi kabisa, Chicago ikatajwa sana, hakwenda kokote, na 2009 na 2010 akachukua ubingwa akiwa na jezi ile ile.

Upande wa pili kuna dili kubwa kuliko yote ya miaka hii ambalo halikuwa na tetesi hata moja. Ilikuwa Jumapili tarehe 2 mwezi wa pili 2025, kule New York ndo kwanza saa sita usiku imepita kidogo, huku kwetu saa mbili asubuhi, watu wako njiani wanaenda kanisani, wengine wako sokoni. Simu zikaanza kulia. Luka Dončić anaenda Lakers, Anthony Davis anaenda Dallas. Luka, mtu wa miaka 25, aliyetoka kuipeleka Dallas fainali 2024! Hakuna aliyeamini. Kwenye grupu letu jibu la kwanza lilikuwa "akaunti ya Shams imedukuliwa", na huko Marekani nako walikuwa wanasema hivyo hivyo mpaka yeye mwenyewe akabidi athibitishe kwamba ni kweli. Kaka mmoja shabiki wa Dallas alikuwa kwenye bodaboda anatokea Gungu, akamwambia dereva simama kwanza, akashuka akakaa chini pembeni ya barabara anasoma. Hakusema kitu muda mrefu. Nilimwelewa.

Na pale pale kazi ya kutoa hukumu ikaanza, nani kapigwa, nani kapiga. Hapa nasisitiza kwa herufi kubwa: DILI HALIHUKUMIWI SIKU HIYO HIYO. Lichambue, toa maoni yako, sema linakupendeza au halikupendezi, hiyo ni haki yako, lakini hukumu iache. Dallas walipata Davis, Max Christie na drafti moja tu ya raundi ya kwanza ya 2029, na mimi kipimo changu ni umri na ubora wa mchezaji, kwa kipimo hicho walitoa kikubwa wakapata kidogo. Lakini angalia kilichofuata, mwezi wa tano mwaka ule ule Dallas wakiwa na uwezekano wa asilimia 1.8 tu wakashinda bahati nasibu ya drafti, ile inayoamua nani achague wa kwanza, wakampata Cooper Flagg, chipukizi namba moja wa mwaka ule. Hakuna mtu duniani aliyeweza kuweka hiyo kwenye hesabu asubuhi ile ya Jumapili. Bosi aliyefanya dili, Nico Harrison, aliondolewa kazini mwezi wa 11, kwa hiyo na yeye Flagg hakumwokoa.

Nenda 2019. Clippers wakampata Paul George kutoka Oklahoma City ili acheze na Kawhi Leonard, na huku kila mtu anasema ubingwa umeshakwenda kwa Clippers, hata kijiweni palikuwa hapabishaniwi. Walichotoa ni kijana mmoja mwembamba aliyekuwa amecheza msimu mmoja tu, Shai Gilgeous-Alexander, pamoja na Danilo Gallinari na drafti tano za raundi ya kwanza. Miaka ikapita. 2025 Shai akawa MVP wa msimu, yaani mchezaji bora wa ligi, kinara wa pointi, bingwa na MVP wa fainali, vyote mwaka mmoja. Na moja ya zile drafti za Clippers ndo ilimleta Jalen Williams, ambaye kwenye mechi ya tano ya fainali ile (fainali ya NBA anachukua anayetangulia kushinda mechi nne) alitupia pointi 40. Clippers ubingwa hawana mpaka saivi na George mwenyewe aliondoka 2024 kwenda Philadelphia.

Au ile ya 2008, Memphis walimtoa Pau Gasol kwenda Lakers wakachekwa ligi nzima. Ndani ya kile walichopokea kulikuwa na haki za mdogo wake Pau, Marc, ambaye watu walimwona kama nyongeza tu. Marc akaja kuwa mlinzi bora wa ligi 2013, akaijenga Memphis miaka mingi. Lakers walipata pete mbili, Memphis wakapata nguzo. Mimi kwangu wote walifaidika, na ukitaka kunipinga nakukaribisha ila niambie kwanza unapima kwa pete au kwa miaka.

Na hata Mtanzania mwenzetu aliyapitia haya. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza NBA, alichaguliwa namba mbili na Memphis mwaka 2009, mwezi wa pili 2011 akapelekwa Houston kwenye dili la Shane Battier, mwezi wa tatu 2012 akapelekwa Portland kwenye dili la Marcus Camby. Vijana wanapenda kumbeza kwa sababu alichaguliwa kabla ya James Harden aliyekuwa namba tatu na Stephen Curry aliyekuwa namba saba, na wanaobeza hawajiulizi 2009 watu walikuwa wanamwona nani. Walikuwa wanamwona mtu wa zaidi ya mita mbili na ishirini, mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East misimu miwili mfululizo, ameisaidia Connecticut kufika nusu fainali ya vyuo vikuu. Ukimpima kwa alivyocheza NBA, ni kweli takwimu zake ni ndogo na sibishi. Ukimpima kwa umbali aliotoka, mtoto aliyeanza kikapu Dar akiwa kijana mkubwa tayari akafika kuitwa jina la pili kwenye drafti, sijui Mtanzania gani wa kumweka naye. Vipimo viwili, majibu mawili, na yote ni ya kweli. Nikisikia dogo wa Kigoma anamcheka Thabeet inaniuma, nasema ukweli.

Basi tuje kwenye ile mada yenyewe, nani mkubwa.

Kuna mwalimu mmoja mstaafu huwa anapita jioni kutuangalia, tunampa shikamoo anaitikia anakaa. Yeye ni mtu wa Jordan. Siku moja dogo wa Lakers akamvaa, kwa adabu lakini kwa moto, "mwalimu, LeBron ana pointi nyingi kuliko mtu yeyote aliyewahi kucheza, sasa Jordan anamzidije?" Mwalimu akasema, "Mwanangu, Jordan fainali sita, ubingwa sita. Sita kwa sita." Dogo akajibu LeBron kaenda fainali kumi. Mwalimu akasema kapoteza sita. Wakaenda hivyo, kila mmoja anarudia namba zake kwa sauti kubwa zaidi, na mimi nikawaomba jambo moja tu: kila mtu aseme kwanza, bila kutaja jina la mchezaji, ukubwa ni nini. Kukawa kimya kidogo. Mwalimu akasema ukubwa ni kutoshindwa siku ya mwisho. Dogo akasema ukubwa ni kuwa juu muda mrefu kuliko wengine wote. Pale pale ikaonekana hawakuwa wanabishana kuhusu LeBron wala Jordan, na kuanzia hapo ndo maongezi yakanoga, maana sasa wanajadili kipi ni kigumu zaidi, kufika kileleni au kukaa huko.

Ukishataja kipimo lazima ukubali kukifuata mpaka mwisho, hiyo ndo shida ya wengi. Ukisema pete ndo kila kitu, basi Robert Horry ana pete saba, kamzidi Jordan mwenye sita. Utasema Horry hakuwa nyota wa timu, sawa, basi pete peke yake si kipimo, umeongeza masharti. Twende na masharti yako, Bill Russell ana pete 11 ndani ya misimu 13, na alikuwa nguzo ya Boston. Utasema enzi zile timu zilikuwa chache, ni kweli, alipoanza 1956/57 zilikuwa nane tu na leo ziko 30. Sawa, ila sasa umeshaingiza enzi kwenye kipimo, na ukiingiza enzi kwa Russell uiingize na kwa Jordan na kwa LeBron, usichague.

Enzi ni kitu kizito kuliko watu wanavyodhani. Mstari wa pointi tatu umeingia NBA msimu wa 1979/80. Bloku, yaani kuzuia mpira uliorushwa kwenda ringini, na kuiba mpira zilianza kuhesabiwa rasmi msimu wa 1973/74. Maana yake Russell alicheza maisha yake yote bila hata bloku moja kuandikwa rasmi kwenye vitabu, na kazi yake kubwa ilikuwa hiyo hiyo ya bloku. Tuzo ya MVP wa fainali imeanza 1969, mwaka wake wa mwisho, leo tuzo inaitwa kwa jina lake na yeye hana hata moja. Kwa hiyo mtu akikuletea jedwali la takwimu akilinganisha wa 1962 na wa 2022 muulize kwanza hizo nafasi tupu amezijaza na nini.

Na ile "sita kwa sita" nayo tuiangalie kwa heshima zote kwa mwalimu. Jordan alitolewa raundi ya kwanza miaka mitatu mfululizo, 1985, 1986 na 1987. Hata ile mechi ya 1986 aliyowatupia Boston pointi 63, Chicago walifungwa. LeBron kapoteza fainali sita, na ile ya 2011 dhidi ya Dallas alicheza chini kabisa ya kiwango chake, mashabiki wake wakiri tu. Lakini mtu anayesema kupoteza fainali ni aibu kuliko kutolewa raundi ya kwanza anisaidie hesabu, maana mimi naona aliyefika fainali kashinda mechi nyingi zaidi. Alafu 2016 Cleveland wako nyuma tatu kwa moja mbele ya Golden State iliyotoka kushinda mechi 73 za msimu, wakarudi wakachukua, na LeBron kwenye fainali ile aliongoza timu zote mbili kwa pointi, rebaundi, asisti, kuiba na bloku. Vyote vitano. Hiyo siwezi kuiona tena.

Msimamo wangu nautoa wazi maana sipendi mtu anayeshauri alafu anajificha. Kipimo changu ni ubora wa juu kabisa, yaani ukinipa msimu mmoja mzuri wa kila mchezaji nichague nani nimkabidhi timu. Kwa kipimo hicho ni Jordan, na msimu ninaoushika ni 1987/88, MVP, mlinzi bora wa ligi na kinara wa pointi kwa pamoja. Kwa kipimo cha maisha yote ya mchezaji ni LeBron, na sioni mjadala mkubwa. Februari 2023 alivuka pointi 38,387 za Kareem Abdul-Jabbar ambazo watu walidhani hazitavukwa, na Machi 2024 akafika 40,000. Na huyo Kareem mwenyewe mnamsahau sana jamani, MVP sita, pete sita, vijana wanamjua kwa jina la rekodi iliyovunjwa.

Kwa sisi wa huku kuna ubishi mwingine mtamu zaidi, wa Waafrika. Kigoma watu wa ng'ambo ya ziwa tunao kila siku, Wakongo wa Kalemie, wa Uvira, na ukikaa nao kwenye kahawa pale Ujiji usithubutu kumshusha Mkongo mwenzao Dikembe Mutombo. Na wana hoja. Mlinzi bora wa ligi mara nne, bloku 3,289, na nyumbani Kinshasa alijenga hospitali kwa jina la mama yake. Tulipopata habari ya kifo chake mwishoni mwa mwezi wa tisa 2024 kuna jamaa mmoja wa Kalemie alilia pale kwenye benchi na watu wazima wakamwacha alie. Upande wa pili kuna Hakeem Olajuwon wa Nigeria, bloku 3,830 ambazo ni nyingi kuliko za mtu yeyote tangu zianze kuhesabiwa, na 1994 alikuwa MVP wa msimu, mlinzi bora na MVP wa fainali, hakuna mwingine aliyekusanya hizo tatu msimu mmoja. Mimi ni Hakeem. Ila nikiwa Ujiji nataja kipimo changu kwa sauti ya upole.

Mambo mengine nayapitia haraka. Usibebe ubishi wa kijiweni ukaupeleka kwenye mkeka, hela ya ada imepotea hivyo kwa vijana ninaowajua. Aliyekuzidi umri ukimpinga, mpinge kwa namba na si kwa kumcheka. Na mtu akikupa hoja nzuri sema "hapo umenipata", haikupunguzii kitu.

Lakini kuna ushauri mmoja ambao ningeuweka juu ya yote kama ningelazimishwa: tazama mechi. Mechi nzima, au hata robo moja nzima. Wabishi wengi wanakula klipu za sekunde 30, na klipu haikuoneshi mtu asiye na mpira. Kuna siku tuliegemeza simu kwenye chupa ya soda tukaangalia Golden State, nikawaambia madogo msiangalie mpira, mwangalieni Curry tu, popote anapokwenda. Walishangaa. Jamaa hatulii, anapita nyuma ya huyu, anazunguka yule, mabeki wawili wanamfuata, na mwenzake anabaki peke yake chini ya ringi anafunga kirahisi. Pointi mbili ambazo kwenye takwimu Curry hana hata asisti. Dogo mmoja akasema "kumbe kafunga yeye". Tangu siku hiyo akija kwenye ubishi haleti klipu.

Najua bando ni ghali na saa ni mbaya. Mechi ya saa moja na nusu jioni New York inaanza kwetu saa tisa na nusu usiku, na wakishabadilisha saa zao mwezi wa tatu inakuwa saa nane na nusu. Za Los Angeles ndo zinaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi wakati unatakiwa kuwa njiani. Mwanafunzi asikeshe, narudia asikeshe. Mwishoni mwa wiki huwa kuna mechi wanazocheza mchana kwa saa zao, ile ya saa tisa na nusu mchana kwetu ni saa tano na nusu usiku, hizo ndo za kukusanyika, simu moja, bando la kuchanga, na kila mtu achague mchezaji mmoja wa kumfuata robo nzima kabla hajafungua mdomo.